Sauti ya Mjakazi: Umm Kulthum katika Sinema, na Sisi Tuliomtazama

Umm Kulthum alicheza filamu sita tu. Ya kwanza, Widad, ilitoka mwaka 1936, na ya mwisho, Fatma, ilitoka mwaka 1947. Baina yao zipo Nashid al-Amal (1937), Dananir (1940), Aida (1942) na Sallama (1945). Baada ya hapo hakurudi tena kuigiza, ingawa aliendelea kuimba kwa zaidi ya miaka ishirini mingine, na umaarufu wake ukazidi kupanda mpaka kufariki kwake tarehe 3 Februari 1975. Sababu zinazotajwa ni afya yake, iliyodhoofika mwishoni mwa miaka ya arubaini, na macho yake ambayo hayakustahamili taa kali za studio.

Wengi wanaoandika juu ya maisha yake huzipita filamu hizi mbiombio. Husema kuwa uigizaji haukuwa fani yake, kuwa filamu zilikuwa kisingizio cha nyimbo, kisha wakahamia kwenye zile tamasha za Alkhamisi ya kwanza ya mwezi zilizokuwa zikitangazwa na Redio ya Cairo. Ni kweli kwamba tamasha zile ndizo zilizomfanya awe Umm Kulthum. Lakini naona tunazionea filamu zake, na khasa sisi ambao wazee wetu walitoka Unguja, Pemba na Mrima na leo tumetawanyika Maskati, Dubai, London na kwengineko. Katika filamu sita, tatu anacheza mjakazi: Widad, Dananir na Sallama. Ndizo hizo tatu zilizopendwa zaidi. Nataka kuuliza kwa nini, na kwa nini sisi tulizipenda bila ya kujiuliza lolote.

Tuanze na Widad. Talaat Harb, muasisi wa Benki ya Misri, alijenga Studio Misr ili Wamisri wawe na sinema yao wenyewe, na Widad ndiyo filamu ndefu ya kwanza iliyotoka katika studio ile. Kazi ilianzwa na Ahmed Badrakhan, kisha ikakabidhiwa Mjerumani Fritz Kramp. Kisa chenyewe kilitoka kwa malenga Ahmed Rami, na filamu ikapelekwa Venice kuonyeshwa katika tamasha la sinema la mwaka ule. Yote haya yalikuwa fakhari kubwa kwa Misri.

Kisa ni cha zama za Mamluki. Widad ni mjakazi wa tajiri anayempenda. Msafara wa tajiri unaporwa, anafilisika, anauza kila alichonacho mpaka anabaki na Widad peke yake. Hapo ndipo Widad anapomshikilia bwana wake amuuze yeye, alipe madeni na asimame tena. Anauzwa, na mwishowe anapata uhuru kwa mnunuzi wake mzee, akarudi kwa yule wa kwanza.

Ukiitazama leo, mambo mawili yanakubana. La kwanza ni sauti. Umm Kulthum alikuwa na uso mzito mbele ya kamera: mikono yake hajui aiweke wapi, na maneno anayasema kama anayesoma risala. Lakini akianza kuimba, mwili wote unatulia na uso unapata maana. Kramp alilifahamu hilo, kwa hivyo kamera yake inakaa kimya inapofika nyimbo. La pili ni uwongo wa kisa. Soko la watumwa lipo, mnada upo, lakini anayetaka kuuzwa ni mtumwa mwenyewe. Filamu inauchukua msiba mkubwa kuliko yote unaoweza kumfika binadamu ikaugeuza zawadi ya mapenzi. Ilitengenezwa chini ya miaka sitini tangu mkataba wa 1877 baina ya Misri na Uingereza wa kupiga marufuku biashara ya watumwa. Cairo walikuwapo bado wazee walioyaona yale kwa macho yao.

Filamu hizi niliziona mara ya kwanza katika kaseti za vidio, nyumbani kwa shangazi yangu, Ruwi. Shangazi alikuwa amekulia Unguja na alizoea kusimulia maonyesho ya wanawake peke yao, ambapo mabuibui yalivuliwa mlangoni na watoto walilala mapajani kabla filamu haijafika nusu. Za Kihindi zilikuwa nyingi zaidi, lakini za Misri zilikuwa na heshima yake, kwani lugha ilikuwa ya msahafu na ya babu, hata kwa wale waliokuwa wakiifahamu nusu nusu. Siku moja, ilipofika pahala Widad anamwomba bwana wake amuuze, nilimuuliza shangazi kama na kwetu mambo yalikuwa hivi. Alinyamaza mpaka wimbo ukaisha. Kisha akasema, "Mwanangu, bibi yangu, mama yake babu yako, hakumwomba mtu amuuze. Aliuzwa." Akainuka kwenda kuteleka chai. Hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kuambiwa kuwa nyumbani kwetu alikuwapo suria.

Sikulitaja hili kwa ajili ya kujinadi. Nimelitaja kwa kuwa najua kuwa wasomaji wengi wa jarida hili wana bibi kama huyo, na wengine hawajapata kuambiwa. Hakuna aibu ya kisharia ndani yake. Mtoto wa suria ni huru na nasaba yake ni ya baba yake, na suria aliyemzalia bwana wake hauzwi tena, na bwana akifa anakuwa huru. Seyyid Majid na Seyyid Barghash walizaliwa na masuria. Seyyida Salme, aliyekuja kuitwa Emily Ruete, aliandika waziwazi juu ya mama yake wa Kicherkesi katika kitabu chake cha mwaka 1886. Nyumba ya kifalme haikuona haya kuyasema. Tulioona haya ni sisi tuliokuja baadaye, tulipofika ugenini na kutakiwa kuthibitisha sisi ni kina nani. Tukaandika upande wa baba mpaka kizazi cha kumi, na upande wa mama tukaacha pengo.

Kwa nini Umm Kulthum alirudi mara tatu kwenye kofia ile ile ya mjakazi? Jawabu la kwanza ni la kisanaa. Alikuwa binti wa imamu wa msikiti wa kijiji cha Tammay al-Zahayra, Daqahliya. Udogoni baba yake alimvisha mavazi ya kiume ya Kibedui ili aweze kuimba mbele ya watu bila ya kusemwa. Alipohamia Cairo mwanzoni mwa miaka ya ishirini, ilimchukua muda kupata haki ya kusimama jukwaani kama mwanamke mwenye heshima zake. Sasa sinema inamtaka apendwe na mwanamme mbele ya macho ya umma mzima. Mwimbaji mwenzake Muhammad Abd al-Wahhab aliweza kuvaa suti na kutongoza katika al-Warda al-Bayda' mwaka 1933, na hapana aliyemlaumu. Yeye angelaumiwa. Lakini historia ya Kiislamu ilikuwa na mwanamke mmoja aliyeruhusika kuimba mbele ya wanaume, kusomeshwa mashairi, na kujibizana na makhalifa: yule mjakazi mwimbaji wa Baghdad na Makka. Ndani ya vazi lile Umm Kulthum aliweza kupenda na kuimba, na heshima yake ikabaki salama. Vazi la mtumwa lilikuwa hijabu yake.

Hapo pana kejeli ambayo wahakiki hawajaitilia uzito wa kutosha. Mwanamke huru ilimlazimu ajifanye mtumwa ili apate uhuru wa kusema.

Dananir ndiyo filamu inayolikaribia zaidi jambo hili. Mkurugenzi ni Badrakhan, na nyimbo zimetungwa na Muhammad al-Qasabgi, Riyad al-Sunbati na Zakariyya Ahmad, maneno mengi yakiwa ya Rami. Ni kisa cha msichana wa jangwani anayechukuliwa na Jaafar al-Barmaki, waziri wa Harun al-Rashid, akafunzwa uimbaji na Ibrahim al-Mawsili mpaka sauti yake ikamfikia Khalifa. Jaafar aliuawa mwaka 803 na ukoo wake ukaangamizwa. Dananir wa kweli anatajwa katika Kitab al-Aghani cha Abu al-Faraj al-Isfahani: aliapa hatoimba tena baada ya mabwana zake kuondoka, na Khalifa akataka kumlazimisha.

Filamu imefanya jambo la ujasiri hapa. Imemjenga mwimbaji kwa saa nzima na zaidi, imetulisha wimbo baada ya wimbo, kisha ikamfikisha pahala ambapo kitendo chake kikubwa kuliko vyote ni kukataa kuimba. Mwenye mamlaka ya dunia nzima anaamrisha, na mjakazi ananyamaza. Mara hii ule uso mzito wa Umm Kulthum unamfaa. Hapahitajiki machozi wala mikono. Mwili wake wauzwa, mafunzo yake yamelipiwa na mtu mwingine, lakini pumzi ni yake. Kwa maoni yangu hapana pahala katika filamu zote sita ambapo ameigiza vizuri kuliko hapo, na ameigiza kwa kufunga mdomo.

Nasema pia kuwa filamu imejiachia mlango wa kutokea. Utiifu wa Dananir ni kwa Jaafar, yaani kwa bwana wake. Hapigani na utumwa, anapigana na kubadilishiwa mwenyewe. Hata jina lake lina bei: dananir ni wingi wa dinari. Msomaji wa kutoka pwani atakumbuka majina yaliyokuwa yakipewa wanawake wa aina hii kwetu: Zumrudi, Zafarani, Lulu. Yule bibi wa shangazi yangu naye alikuwa na jina la kito. Jina alilopewa na mama yake, kabla ya kuvushwa bahari, hakuna katika sisi anayelijua.

Sallama imetoka kwenye riwaya ya Ali Ahmad Bakathir, na hilo lingetosha kuifanya iwe na jamaa zake kwetu. Bakathir alizaliwa Surabaya, Java, kwa wazazi wa Kihadhrami, akapelekwa Hadhramaut udogoni kusoma, kisha mwaka 1934 akahamia Cairo. Ni maisha ambayo watu wa Lamu, Mombasa na Unguja wanayajua bila ya kufafanuliwa: mtoto anazaliwa ng'ambo ya bahari, anarudishwa kwao kusoma dini, kisha anaishia nchi ya tatu. Kisa kinamhusu Sallama, mjakazi mwimbaji wa zama za Bani Umayya, na Abd al-Rahman, mcha Mungu wa Makka aliyeitwa al-Qass kwa ibada zake, ambaye anaisikia sauti ya Sallama na hawezi tena kuwa yule aliyekuwa. Sallama wa historia aliishia kwa Khalifa Yazid bin Abd al-Malik, aliyemnunua. Mkurugenzi wa filamu ni Togo Mizrahi, na nafasi ya al-Qass ilichezwa na Yahya Chahine.

Kimuziki hii ndiyo bora. Bayram al-Tunisi aliandika maneno yenye ladha ya Kibedui, na Zakariyya Ahmad akayapa lahani ambazo mpenzi wa taarabu ya zamani atazitambua mara moja: sentensi fupi, makamu iliyo wazi, na mwisho wa ubeti unaomwachia mwimbaji nafasi ya kucheza. Wimbo wa filamu ulilazimika kuwa mfupi. Jukwaani Umm Kulthum aliweza kumaliza karibu saa nzima kwenye wimbo mmoja, akirudia mstari mara nyingi na kila mara akiugeuza. Kwenye filamu hakuwa na wasaa huo wala hakuwa na watu mbele yake wa kumpigia kelele za "Allah!" Katika Widad upungufu huo unasikika. Katika Sallama Zakariyya ametunga kwa kipimo cha filamu tangu mwanzo, na hapana kinachokosekana.

Na pana pahala Sallama anasoma Qur'ani, aya za Surat Ibrahim. Sauti ya binti wa imamu, aliyejifunza kusoma katika chuo cha kijijini, inatoka kwenye kinywa cha mjakazi anayeuzwa na kununuliwa. Filamu haisemi neno juu ya maana yake. Lakini mtazamaji anayejua kuwa Bilal alikuwa mtumwa hawezi kuisikia sauti ile akabaki ameridhika na soko analoliona. Sijui filamu nyengine ya zama zile iliyoweka mambo mawili haya karibu namna hiyo.

Sasa turudi kwetu, kwani uhusiano wa Unguja na muziki wa Misri haukuanza na sinema. Inajulikana kuwa Seyyid Barghash alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze muziki, na kuwa Ikhwani Safaa iliasisiwa mwaka 1905 na vijana waliotaka kupiga kanuni, udi na fidla kwa namna ya Cairo. Kutoka 1954 Cairo ikawa inatangaza kwa Kiswahili. Nyimbo za Umm Kulthum zilipigwa katika gramafoni, zikavuma katika mikahawa, na mafundi wa taarabu wakazichukua lahani za Kimisri wakazitilia maneno ya Kiswahili. Tulijifunza kwao kwa mapenzi.

Lakini wakati Umm Kulthum anacheza mjakazi mbele ya kamera, Unguja ilikuwa na mwimbaji aliyekuwa mtoto wa watumwa kweli. Siti binti Saad alizaliwa Fumba kiasi cha mwaka 1880, na inasimuliwa kuwa jina alilopewa alipozaliwa ni Mtumwa. Alihamia mjini mwaka 1911, akajifunza kusoma Qur'ani na kuimba, akashirikiana na kina Subeti bin Ambari na Buda bin Swedi, na mwaka 1928 akasafiri Bombay kutia sauti kwenye santuri. Aliimba katika nyumba za wakubwa kwa Kiarabu na Kiswahili, kisha akarudi Ng'ambo kuimba mambo ya watu wa Ng'ambo. Wimbo wake juu ya Kijiti unamhusu muuaji aliyekimbia ilhali wanawake waliotoa ushahidi ndio walioadhibiwa. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Hapana Studio Misr iliyomtengenezea filamu.

Siwapimi waimbaji wawili hawa nani zaidi. Ninaloliona ni kwamba familia zetu ziliweza kumlilia Dananir wa Baghdad kwa sababu alikuwa mbali, mzuri, na anasema Kiarabu fasihi. Siti alikuwa karibu. Kumsikiliza vizuri Siti kungetulazimisha tuulize wazee wake walifikaje Fumba, mmoja kutoka Unyamwezini na mwengine kutoka upande wa Tanga, na nani aliyewaleta. Katika majumba ya Maskati na Dubai niliyoyapita, picha ya Umm Kulthum na leso yake nimeiona mara nyingi ukutani. Ya Siti nimeiona mara mbili.

Filamu tatu zisizokuwa za kale zina habari yake pia. Nashid al-Amal ni kisa cha mwanamke aliyeachwa na mume mwovu, mwenye mtoto wa kulea, anayeinuka kwa sauti yake. Aida, iliyochukua mfano kutoka opera ya Verdi juu ya mateka wa Kihabeshi, haikufanikiwa, na hata ilipokatwakatwa na kutolewa upya haikupona. Lakini Fatma, ya mwisho, inastahili kutazamwa tena. Umm Kulthum ni muuguzi wa mtaani. Pasha anamtaka, anakataa. Ndugu yake pasha, aliyechezwa na Anwar Wagdi, anamuoa ndoa ya urfi, ya karatasi baina ya watu wawili, kisha anamkana yeye na mimba yake. Watu wa mtaa wanasimama naye mpaka mahakamani.

Mwaka 1936 Widad alimwambia bwana wake, niuze. Mwaka 1947 Fatma anamwambia bwana mkubwa, andika kuwa huyu ni mtoto wako. Ni mwigizaji yule yule na uso ule ule mzito, na mkurugenzi ni Badrakhan aliyeianza Widad. Nadhani hii ndiyo safari ya kweli ya Umm Kulthum katika sinema, na kwa hivyo sikubaliani na wanaosema Fatma ni melodrama ya kawaida ya zama zake. Kinachogombewa ndani yake ni karatasi na jina, na watu wetu wanajua uzito wa vitu hivyo viwili.

Amri ya kuondoa hadhi ya utumwa Unguja ilitolewa mwaka 1897. Mtumwa aliyeutaka uhuru ilimbidi aende kuudai. Masuria waliachwa nje ya amri ile mpaka mwaka 1909. Kwa miaka kumi na mbili hawakuwa na haki ya kwenda kuomba karatasi ambayo mchukuzi wa bandarini aliweza kuiomba. Bibi wa shangazi yangu alikuwa mmoja wao, kwa hesabu tuliyoifanya kwa umri wa watoto wake. Hakwenda mahakamani kabla wala baada. Alibaki nyumbani alipozalia, akazikwa katika shamba la bwana wake, na alikuwa akiimba, shangazi alisema, anapochambua karafuu. Wimbo gani, hakukumbuka. Lugha haikuwa Kiswahili.

Wenye wazee walio hai, wawekeeni Dananir au Sallama jioni moja, sinema hizi zinapatikana. Wimbo ukimalizika, waulizeni. Na watakalolisema liandikwe, upande wa mama, kwenye lile pengo.